Mapambo ya Krismasi ya unga na chumvi yanalegea: ni hewa ya Dar, ni unga, au ni kukausha?

#1 MamaWawili
Wakuu habari za humu. Nina watoto wawili, mkubwa yuko la tatu na mdogo chekechea. Kila shule zikifunga Desemba tunatengeneza mapambo ya Krismasi wenyewe nyumbani, vya dukani nanunua taa tu. Tunachanganya unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji kikombe kimoja kasoro kidogo, tunakanda mpaka unaacha kunata mikononi, tunasukuma kwenye kibao cha chapati, wanakata nyota na kengele na malaika, tunatoboa tundu kwa mrija wa juisi, tunaanika, yakikauka wanapaka rangi. Yakitoka yanapendeza sana na kila mtoto anajua lipi lake. Shida sasa, sisi tuko Kigamboni, hazipiti wiki mbili yanaanza kulegea, yanatoka majimaji juu kama jasho, rangi inachuja na malaika anakatika shingo, mtoto analia. Dada yangu yuko Arusha, vipimo ni hivi hivi, na yake ya miaka ya nyuma bado magumu ukiyagonga yanalia. Tatizo ni nini hasa? Na kuna wa ukanda wa pwani humu anayefanikiwa?

#2 Mkemia_wa_Mtaa
Chumvi hiyo mama. Chumvi ya kawaida ina kiwango chake, hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi inaanza kuvuta maji mpaka inayeyuka yenyewe. Dar mwezi wa kumi na mbili kufika hapo ni jambo la kawaida, usiku ndo kabisa. Arusha iko juu, karibu mita 1,400, hewa yake tofauti. Hapo huna kosa lolote, ni fizikia.

#3 FundiOveni
Mkuu #2 sikubaliani na wewe. Kaandika "tunaanika". Unga wa chumvi ukiuanika juani ngozi ya juu inakauka haraka, ndani kunabaki mbichi. Ule unyevu wa ndani unatafuta njia ya kutoka, ndo hayo majimaji anayoyaona. Weka oveni ya moto mdogo, nyuzi 100 mpaka 120, masaa mawili matatu kutegemea unene, katikati unageuza upande wa pili. Na yasizidi nusu sentimita. Mimi niko Mbezi na yangu hayalegei.

#4 Binti_Gerezani
Sio kila mtu ana oveni jamani

#5 FundiOveni
@Binti_Gerezani sufuria kubwa, mchanga chini, kigae au bati juu ya mchanga, yapange hapo, funika, mkaa kidogo chini na kidogo juu ya mfuniko. Watu wanaokea keki za birthday humo. Ila moto uwe mdogo sana, ukizidisha yanavimba katikati yanakuwa kama mandazi.

#6 Mama_Keki
Kuvimba sio moto tu. Angalieni unga, ule wa keki wenye beking pauda ndani yake ukiuweka kwenye joto lazima ufanye vipovu. Na vipovu vikipasuka vinaacha matundu, unyevu unapitia humo humo. @MamaWawili unatumia unga gani?

#7 MamaWawili
Wa kawaida wa chapati @Mama_Keki, hauna beking pauda. Na yangu hayavimbi, yanakauka vizuri tu, yanalegea baadae. Asanteni kwa majibu.

#8 Chumvi_ya_Bahari
Swali ambalo hamjauliza, ni CHUMVI GANI? Kwetu Bagamoyo chumvi inavunwa kwenye mashamba ya pwani, maji ya bahari yanakaushwa na jua. Ile ambayo haijasafishwa ina magnesi ndani yake, na chumvi ya magnesi inavuta maji hata hewa ikiwa kavu tu, haingoji hiyo asilimia 75 ya mkuu #2. Ndo mana ukiiacha kwenye gunia sakafuni panalowana. Mama achukue ya pakiti, laini, iliyosafishwa, aone.

#9 Mkemia_wa_Mtaa
#8 umeongeza kitu cha maana. Ila nakazia pale pale, hata iliyosafishwa ikikutana na usiku wa Dar itavuta tu.

#10 FundiOveni
Basi nielezeni kwanini yangu ya Mbezi hayalegei na chumvi nanunua dukani kwa Mangi kama wengine wote.

#11 Binti_Gerezani
Mbezi ipi mkuu, Mbezi Beach au ile ya Kimara huko juu mlimani? 😂 maana hewa sio moja

#12 FundiOveni
Ya Kimara.

#13 Mkemia_wa_Mtaa
😂😂 Haya.

#14 Minnesota_Baridi
Nawasalimu kutoka huku kwenye theluji. Huku Desemba nje ni barafu na ndani hita inawaka masaa yote, hewa ya ndani inakauka mpaka midomo inapasuka. Mapambo ya unga tunayaacha mezani bila oveni yanakauka yenyewe, na shida yetu ni ya kinyume, yanakatika kwa ukavu. Mwanangu aliandika jina lake kwenye nyota akiwa na miaka minne, herufi moja imegeuka nyuma mbele, mpaka leo tunaitundika mbele kabisa. Kwa hiyo mimi niko na wanaosema hewa.

Halafu kitu kimoja muhimu, kama una mbwa ndani usiyatundike chini. Chumvi ni nyingi mno mle, mbwa akila kadhaa anaweza kufa kabisa. Hapa madaktari wa mifugo wanalisema hili kila msimu.

#15 MamaWawili
Asante sana @Minnesota_Baridi, hilo la mbwa sikulijua. Jirani ana mbwa na anaingia kwetu kama kwake.

#16 Mwalimu_Chekechea
Naomba nichangie upande wa watoto maana naona mada imeenda maabara. Mimi nafundisha wadogo, miaka mitatu mpaka sita. Mtoto wa miaka mitatu mpe kazi ya kukanda na kubonyeza, kidole gumba chake kikibaki kwenye unga hilo tayari ni pambo, liandike jina na mwaka nyuma. Wa miaka mitano anaweza kukata kwa kifuniko cha chupa na kuchana karatasi. Mkasi mpe wenye ncha butu. Kuanzia saba nane hapo anaweza kupima mwenyewe unga na chumvi, na ndo anajifunza nusu na robo bila kuitwa hesabu. Na ninawaomba wazazi kitu kimoja, msiende usiku kunyoosha nyota ya mtoto iliyopinda. Mtoto anaijua kazi yake. Asubuhi akiikuta imenyooka anaona kabisa sio ya kwake na mwaka kesho hatakaa mezani na wewe.

Kuhusu kulegea, nadhani ni rangi. Zile rangi za maji za shule ukipaka tabaka zito unarudisha maji kwenye pambo lililokauka. Watoto wanamimina. Mimi siku hizi tunatia rangi kwenye unga wenyewe kabla ya kukanda. Bizari kwa njano, kakao kwa kahawia, maji ya bitiruti kwa pinki ingawa pinki inapauka.

#17 UkinduTanga
Mimi nashangaa mnahangaika na unga pwani huku. Pwani tuna ukindu! Bibi alitufundisha kusuka nyota za ukindu kama unavyosuka mkeka, unaanza na chane nne, unapindisha, unatokeza pembe. Unachemsha na rangi ya mkeka, nyekundu, kijani, zambarau, unaanika kivulini. Haziogopi hewa wala mende. Watoto wa miaka minane wanaweza vizuri tu, wadogo wanashika chane na kukata ncha. Sisi ni Waislamu, bibi alikuwa anasukia watoto wa majirani zetu Wakristo na wao Idi wanatuletea vyao.

#18 Pwani_Kusini
@UkinduTanga hapo umenikumbusha mbali. Ila wengi mjini wanauziwa milala wanaambiwa ukindu. Mlala ni mgumu na mpana, wa kutengenezea makanda na mafagio, ukimpa mtoto akunje nyota unamkata vidole. Ukindu ni mlaini na unakubali rangi.

#19 SimiyuPamba
Kwetu pamba tu. Msimu ukiisha huwa inabaki kidogo nyumbani, watoto wanatoa mbegu kwa mikono, wanaichambua, inawekwa kwenye matawi. Wengine watasema theluji ya wapi Bariadi, lakini ikipigwa na mwanga inapendeza na ni jasho la shamba letu. Onyo tu, PAMBA NA MSHUMAA HAVIKAI PAMOJA. Nimeona pazia likiwaka. Kama umeme hakuna tumieni tochi au zile taa za sola, mshumaa uwe mbali kwenye sahani.

#20 MzeeWaMarangu
Vijana habari zenu. Huku mlimani ikifika tarehe 20 watu wote wanapanda kutoka mjini na wajukuu wanajaa uani. Sisi hatununui. Tunachukua maganda makavu ya mgomba, tunayalowesha kidogo yawe laini, tunakunja wanasesere na malaika na punda wa kwenye hori, tunafunga kwa uzi wa huo huo mgomba. Matawi ya msedere tunakata kwenye ua, na mlangoni yanawekwa masale, yale majani ya mmea wa isale, kwasababu kwa Mchaga isale ni amani. Mti wa Krismasi ulikuja na wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893, na wenyewe waliurithi kwa Martin Luther aliyekuwa mtu wa kwanza kuweka mishumaa kwenye mti.

#21 KijanaWaRungwe
Shikamoo mzee. Ya Machame na 1893 ni sahihi. Ya Luther na mishumaa ni hadithi iliyokuja kupendwa baadae sana, hakuna maandishi ya wakati wake yanayoisema. Maandishi ya zamani yanayofahamika vizuri ni ya Strasbourg mwaka 1605, mji ambao sasa uko Ufaransa, msafiri kaandika kwamba watu wanasimamisha miti sebuleni na kuitundikia mawaridi ya karatasi za rangi, matofaa, mikate myembamba na sukari. Mishumaa hajaitaja. Yani kwa maneno mengine mti wa zamani hivyo ulipambwa kwa karatasi na unga, kama wa @MamaWawili.

#22 MzeeWaMarangu
Marahaba. Mimi nilisimuliwa na mchungaji na sitamwita mwongo. Lakini la karatasi na unga nimelipenda. Basi nikupe la uhakika, taji la Majilio, yale majuma manne kabla ya Krismasi. Lilitengenezwa na mchungaji Wichern huko Hamburg mwaka 1839, alikuwa analea watoto maskini na kila siku walikuwa wanamuuliza Krismasi lini. Akachukua gurudumu la mkokoteni akaweka mishumaa mikubwa minne ya Jumapili na midogo ya siku za katikati, wakawasha mmoja kila siku. Lilianzia kwa watoto.

#23 KijanaWaRungwe
Hilo nakubali mzee, liko hivyo.
Na sisi Wamoraviani, wa Kanisa la Moravian, tuna nyota yetu. Wamisionari walifika Rungwe 1891, na nyota ilizaliwa kabla yake, karne hiyo ya 19, kwenye shule ya Kimoraviani huko Niesky Ujerumani, mwalimu akifundisha jometri. Ni koni za karatasi zimebandikwa kwenye umbo la katikati. Ya kawaida ina pembe 25, kumi na saba kitako mraba na nane kitako pembetatu, upande mmoja unaachwa kwa ajili ya kuning'inizia na taa. Tumieni manila, gundi ya uji wa muhogo, na uvumilivu. Mtoto wa miaka kumi anaweza zile koni zote, baba abaki na kubandika. Taa ya ndani iwe LED, isiwe globu ya moto.

#24 Binti_Gerezani
Pembe 25 😳 mi nitaishia kwenye mnyororo wa karatasi

#25 BabaPacha
Mnyororo usiudharau dada. Sisi tuliukata kwenye magazeti na makaratasi ya biskuti yale ya kung'aa. Na mnakumbuka maua ya rambo? Unachana mfuko wa rambo vipande vyembamba unafunga katikati, unapata ua linalotikisika na upepo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 wanangu hawajui hata nazungumzia nini, na sio vibaya maana mitaro imepumua. Sasa hivi tunatoboa visoda kwa msumari (hiyo kazi yangu), wao wanapaka rangi na kutunga kwenye uzi, vikigongana vinalia kengele. Na makoba ya mkrismasi! Wakati huu mikrismasi imewaka maua mekundu barabara nzima lakini yale makoba meusi ya msimu uliopita bado yako chini, marefu, mbegu zinacheza ndani. Wanapaka chokaa nyeupe tunayaning'iniza barazani.

#26 Kiambu_Yetu
Nawasoma kutoka Kenya. Huku cypress ndio mti wa wote, December ukipita barabarani Nairobi unaona vijana wanauza matawi. Shida watu wanaikata ikiwa imechanua vizuri na wiki moja imekauka. Weka kwa ndoo, mawe na maji, ongeza maji kila asubuhi, itakaa hadi mwaka mpya. Mifuko yetu ilipigwa marufuku mapema, August 2017, kwa hivyo hapo kwa rambo tuliwatangulia 😄. Kuhusu unga, nilikuwa naishi Mombasa na sasa niko Kiambu. Mombasa yalikuwa yananishinda, Kiambu ni sawa, lakini pia nilianza kupaka vanishi nikiwa huku. Kwa hivyo siwezi kusema ni gani imesaidia.

#27 Mama_Keki
Vanishi inasaidia ila muipake PANDE ZOTE na ndani ya lile tundu. Watu wanapaka mbele kwa ajili ya kung'aa, nyuma wanaacha, unyevu unaingilia nyuma. Mama apake matabaka mawili, mtoto asiwe karibu maana harufu ni kali. Asiyetaka vanishi aachane na chumvi kabisa. Beking soda vikombe viwili, konfulawa kikombe kimoja, maji kikombe na robo, unakoroga jikoni moto mdogo mpaka inakuwa kama viazi vya kuponda, unafunika na kitambaa kibichi ipoe. Inatoka nyeupe pee, haihitaji oveni, inakauka mezani usiku mmoja mpaka siku mbili. Chumvi ya mezani haimo.

#28 Mkemia_wa_Mtaa
Hii ya #27 ndo jibu kwa pwani. Beking soda haivuti maji hovyo kama chumvi.

#29 FundiOveni
Bei yake je? Unga na chumvi vipo kila nyumba. Beking soda vikombe viwili ni makopo mangapi yale madogo ya dukani. Kwa familia yenye watoto watano hapo umewafungia nje.

#30 Mwalimu_Chekechea
Kweli kabisa @FundiOveni, darasa langu lisingeweza.

#31 Mafinga_Paini
Naona hakuna aliyetaja koni za paini. Huku Mafinga, msitu wa Sao Hill uko hapa hapa, koni ziko chini bure. Watoto wanaokota, wanapaka rangi ncha, zinatundikwa. Na nyie mnaobishania hewa, koni ni kipimo tosha. Ikiwa kavu inafunguka, ikipata unyevu inajifunga. Iloweshe kwenye maji mbele ya mtoto, baada ya muda imefunga yote, iweke juani inafunguka tena, wangu wanaweza kurudia mchezo huo siku nzima. Mama wa Kigamboni aweke moja karibu na mapambo yake. Ikianza kujifunga ajue ni hewa, ikibaki wazi na mapambo yanalegea basi wa oveni wako sahihi.

#32 Mkemia_wa_Mtaa
Wazo zuri sana. Ila kujifunga kabisa ni mpaka ilowe maji, kwa hewa peke yake inasogea kidogo tu. Mpime upana kwa rula asubuhi na jioni.

#33 Chumvi_ya_Bahari
Na hata ikisogea haitawaambia kama ni chumvi ya magnesi au ya kawaida.

#34 MamaWawili
Asanteni wote, nimesoma kila mmoja wenu na wanangu nimewasomea pia. Nimeamua tutakanda mafungu manne. Moja la kuanika kama kawaida, moja la sufuria ya mchanga ya @FundiOveni, moja kwa chumvi ya pakiti, moja la beking soda dogo tu. Mkubwa ameshachora jedwali kwenye daftari, ataandika kila jioni lipi limelegea. Mdogo kasema malaika wote wawe kwenye lile litakaloshinda. @Mafinga_Paini koni nazipataje, basi la Mafinga linashusha Magufuli Terminal?

#35 Mafinga_Paini
Nitumie ujumbe pembeni nikupakie kiroba, nauli ya mzigo tu.

#36 FundiOveni
Unene wa mafungu yote uwe sawa mama, la sivyo ushindani hauna maana. Na la kwanza lipake rangi ile ile.

#37 Mwalimu_Chekechea
Rangi kidogo!

#38 Pwani_Kusini
Na ya kutoa mapambo ni lini? Kwetu nyumbani ni tarehe 6 Januari, Epifania, mke wangu anasema mwaka mpya tu yanatoka.

#39 MzeeWaMarangu
Tarehe 6. Mpaka mamajusi wafike.